Mbunge Anayesoma Makaratasi

Tarehe 9 Oktoba 1975 mbunge wa Butere, Martin Shikuku, alisimama Bungeni Nairobi akasema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kukiua chama tawala cha KANU. Waziri msaidizi Clement Lubembe akainuka kumtaka athibitishe, kwa kuwa kanuni zinamtaka kila anayetoa tuhuma awe na ushahidi. Aliyekalia kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa. Wabunge wa upande wa serikali wakatoka nje kwa hasira. Wiki haikuisha kabla polisi hawajawakamata Shikuku na Seroney kwenye majengo yale yale ya Bunge. Wakawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, wasitoke hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Rais Kenyatta.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa wa ulimi: watu wawili walisema, wakafungwa. Usimulizi huo una ukweli, ila umeacha nje sehemu yenye faida kubwa zaidi kwetu sisi wa pwani ya kusini. Ile kauli juu ya KANU ilikuja mwishoni mwa mwaka mzima ambao wabunge wachache walikuwa wameutumia kujifunza zana za Bunge, yaani swali, hoja, kamati teule na nyaraka zinazowekwa mezani, ili kuchunguza mambo ambayo wakubwa walitaka yabaki gizani. Kwa maoni yangu mbunge anayepambana na ufisadi apimwe kwa makaratasi anayoyasoma na kuyafikisha mezani kabla ya kupimwa kwa ukali wa hotuba zake. Na sidhani kuna mahali nchini Kenya panapolionyesha hilo vizuri kuliko Kwale, kwa sababu hapa mali ya umma haikuondoka kwa mapanga. Iliondoka kwa kalamu, muhuri na saini.

Tuanze na makaratasi yenyewe. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi wajitokeze mbele ya msajili, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Mdigo aliyelima shamba la ukoo, lenye minazi ya babu yake na mpaka unaojulikana kwa mwembe au jiwe, hakuwa na kitu cha kuonyesha ofisini. Baada ya uhuru sehemu kubwa ya ardhi ya Wadigo na Waduruma ikawa ardhi ya amana, ikishikwa na Baraza la Kaunti ya Kwale kwa niaba ya wakazi. Kisha ukaja upimaji chini ya sheria ya 1968. Kamati ya wenyeji inapita mashambani, mipaka inaandikwa, daftari linawekwa wazi, na mwenye malalamiko anapewa siku 60 za kupinga. Siku 60 zinamtosha mtu anayefuatilia matangazo ya serikali. Kwa mvuvi wa Mwabungo au mkulima wa Kikoneni ambaye hakuna aliyemwambia kuwa daftari limefunguliwa, siku hizo ni kama hazikuwapo.

Daftari likishafungwa, mlango uliofuata ulifungwa na sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, kifungu cha 143, iliipa mahakama uwezo wa kurekebisha usajili uliopatikana kwa udanganyifu au kwa makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Inafaa kuisoma sentensi hiyo mara mbili. Aliyetangulia kuandikwa, hata kama aliandikwa kwa hila, alikuwa salama. Katika Diani, Galu na Kinondo, ambako ardhi ilikuwa ikiandikwa kwa mara ya kwanza wakati ule ule hoteli zilipokuwa zinaanza kujipanga ufuoni, kifungu hicho kilikuwa na thamani kuliko mchanga mweupe. Kuuziana ploti ya bichi nako kulihitaji idhini kutoka ngazi za juu kabisa serikalini. Kwenye karatasi utaratibu huo ni kinga. Kwa vitendo uliweka ufunguo mikononi mwa wachache na wanaofahamiana nao. Kesi za hati zinazoanza na maneno Kwale/Diani Beach Block au Kwale/Galu Kinondo zimejaa katika kumbukumbu za mahakama. Kifungu cha 143 kilidumu hadi 2012, Sheria ya Usajili wa Ardhi ilipoiruhusu mahakama kuibatilisha hati iliyopatikana kwa udanganyifu au kinyume cha utaratibu. Kwa miaka 49 kinga ile ilikuwa halali kabisa, na hakuna mnyakuzi wa ardhi aliyeiandika. Iliandikwa na watunga sheria, ikaachwa na watunga sheria, ikafutwa na watunga sheria.

Turudi kwa Shikuku. Alizaliwa mwaka 1932 na akaingia siasa kupitia KADU, chama cha Ronald Ngala kilichokuwa na mizizi hapa Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Alikuwa miongoni mwa wajumbe wenye umri mdogo katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, na uchaguzi wa 1963 ukampeleka Bungeni. KADU ilipojivunja Novemba 1964 na wabunge wake kuingia KANU, walihamia katika chama ambacho hawakukijenga, na wengine wao hawakuona sababu ya kukinyamazia. KPU ya Oginga Odinga ilipopigwa marufuku mwaka 1969, Bunge likabaki na chama kimoja, na kazi ya upinzani ikawaangukia wabunge wa viti vya nyuma. Miaka miwili baadaye tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ikapendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kuendesha biashara zao. Pendekezo hilo lilikubaliwa, nami naliona kuwa na uzito kuliko kashfa nyingi zenye majina makubwa, kwa sababu tangu hapo ofisa aliyekabidhiwa ardhi ya umma kuilinda aliweza, bila kuvunja miiko ya kazi yake, kuwa pia mtu anayeitafuta ardhi hiyo hiyo. Katika mazingira hayo ndipo Shikuku alipojipatia jina la mlinzi wa watu. Alizijua kanuni za Bunge, akazitumia. Hoja ya nidhamu mkononi mwake ilikuwa silaha.

Mwaka 1975 ulianza kwa damu. Mwili wa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyekuwa akiukemea ulafi wa ardhi wa viongozi, ulipatikana Ngong mwezi Machi. Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na Shikuku akawa mjumbe wake. Kabla ripoti haijafika mezani mwezi Juni, majina mawili yaliondolewa. Hata baada ya kupunguzwa hivyo, ilibaki na makali ya kutosha kuitisha serikali, ambayo ilitaka wabunge waitambue tu ripoti badala ya kuikubali. Serikali ikashindwa kwa kura chache. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura kinyume na matakwa yake, wakafutwa kazi. Panga miezi kwa mfuatano, Machi, Juni, Oktoba, utaona kwamba kukamatwa kwa Shikuku na Seroney kulikuwa malipo ya jumla. Ile sentensi juu ya KANU ilitoa kisingizio. Deni lilikuwa kura ya Juni.

Anayelitia shaka hilo amtazame George Anyona. Mbunge huyo wa Kitutu Mashariki, aliyeingia Bungeni mwaka 1974, aliwekwa kizuizini Mei 1977 baada ya kuhoji zabuni ya ununuzi wa mabehewa ya reli. Hakuna jambo kavu kuliko zabuni ya mabehewa. Halina shairi ndani yake, halimpandishi mtu mabegani mwa wafuasi, na siku ya kawaida lingeifanya nusu ya Bunge isinzie. Anyona alikuwa na tabia ya kuja na nyaraka, kuuliza nani aliomba, nani alipewa na bei ilibadilikaje njiani. Kwa maswali hayo alilipa zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa maisha yake, akatoka Desemba 1978 pamoja na wenzake. Serikali iliyokuwa na redio, magazeti na jukwaa zima la taifa la kumjibia mtu mwenye maneno makali haikupata jibu kwa mtu mwenye karatasi, ndiyo maana ikamfungia.

Na karatasi hukata pande zote mbili. Chelagat Mutai, mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini aliyekwisha kufungwa jela miaka ya 1970, alituhumiwa mwaka 1981 kwamba alidai marupurupu ya safari ambazo hakuzifanya, akakimbilia Tanzania. Huo ulikuwa wakati wa wale wabunge wakosoaji waliobandikwa jina la dada saba wenye ndevu, wawili wao wakiwa wana wa Pwani, Mwashengu wa Mwachofi wa Wundanyi na Chibule wa Tsuma. Lugha ya kupambana na ufisadi iligeuzwa fimbo ya kuwachapia waliokuwa wakiupinga, na hili ni somo ambalo msomaji wa leo asilisahau anaposikia kwamba mbunge fulani anachunguzwa. Kwanza aulize: kati ya wote wanaojaza fomu zile zile, kwa nini huyu, na kwa nini sasa?

Mkenya asidhani kwamba hili ni tatizo la nchi changa. Huko Marekani, katika karne ya kumi na tisa, mbunge George W. Julian wa Indiana aliongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia ardhi ya umma, zama ambazo kampuni za reli na walanguzi walikuwa wakigawiwa maeneo makubwa kuliko majimbo mengine. Alitetea sheria ya 1862 iliyompa mkulima ekari 160 ili ailime mwenyewe, akapinga kugawa ardhi kwa wanaoishikilia wakisubiri bei ipande. Mwaka 1885, akiwa mzee, alipelekwa New Mexico kuwa mkuu wa upimaji. Huko alikuta hati za enzi za Wahispania na Wameksiko zilizotaja mipaka kwa milima na mito, na wapimaji waliozivuta hati hizo kama mpira. Mfano mkubwa ni ule wa Maxwell: sheria ya Meksiko ingeiruhusu hati ile kufika ekari 97,000 hivi, lakini mwaka 1887 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha eneo la ekari milioni 1.7. Julian alifungua faili moja baada ya jingine, akaandika, akachapisha, akatukanwa na wenye mali kwamba anaharibu biashara. Alitoka ofisini 1889 bila kushinda. Mwaka 1891 bunge la nchi yake likaunda mahakama maalumu ya kuyachuja madai ya namna ile, na sehemu kubwa ya ekari zilizodaiwa ikakataliwa. Mkulima wa Kwale atakitambua kisa hiki bila kuelezwa: mpaka unaotajwa kwa mti, mpimaji anayekuja na kamba yake, na hati inayorudi kutoka mjini ikiwa na namba asizozijua.

Lipo pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Shikuku alipiga kelele zaidi ya miaka 30, Anyona alifungwa zaidi ya mara moja, na bado unyakuzi uliongezeka. Tume ya Paul Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kumaliza kazi 2004, ilikadiria kuwa hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, nyingi mno zikiwa za kati ya 1986 na 2002. Basi mlinzi alilinda nini? Jibu langu limo ndani ya takwimu hizo hizo. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja. Mwaka 1988 kura ya mlolongo iliwang'oa Bungeni wengi waliokuwa na tabia ya kuuliza, Shikuku akiwamo. Mvua ya hati haramu ilinyesha hasa katika miaka ambayo Bunge lilikuwa limenyamazishwa. Sisemi kwamba ukimya wa Bunge peke yake ndio uliozaa unyakuzi. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 na 1997 nao uligharamiwa kwa ardhi ya umma iliyogawiwa wafuasi. Ila anayesema kwamba maswali hayakuzuia kitu aeleze kwa nini waliotaka kugawa waliona kwanza haja ya kuwaondoa waulizaji.

Pingamizi la pili linamhusu mtu mwenyewe. Shikuku hakuwa malaika. Aliwahi kuwa waziri msaidizi katika serikali alizozikosoa. Agosti 1991 alikuwa mmoja wa waasisi sita wa FORD, pamoja na Odinga, Muliro, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Mwaka uliofuata chama kikapasuka, yeye akawa upande wa FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na mgawanyiko huo ukampa Rais Moi ushindi wa Desemba 1992 kwa kura chache kuliko jumla ya wapinzani wake. Wapo wasiomsamehe mpaka leo, na wana haki. Lakini kosa liko katika kumtafuta mtakatifu. Swali lililoandikwa vizuri halibadiliki kwa sababu aliyeliuliza ana tamaa ya cheo, na waraka uliowekwa mezani ni wa wote, hata aliyeuleta akihama chama kesho yake. Kumbukumbu za Bunge za mwaka 1975 zipo na zitabaki. Shikuku alifariki Agosti 2012, miezi michache baada ya kifungu cha 143 kufutwa, na anayetaka kujua alisema nini, lini, na nani alimjibu, hahitaji kumpenda wala kumchukia ili ayasome.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika sana siku hizi: tuna Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, tuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, tuna Tume ya Taifa ya Ardhi na mahakama za ardhi, mbunge wa nini tena? Anayeuliza hivyo hajaisoma Katiba ya 2010 hadi ibara ya 229. Mkaguzi Mkuu anakagua hesabu za serikali na za kila kaunti, kisha anatakiwa kupeleka ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Anaipeleka kwa Bunge au kwa bunge la kaunti husika, ambalo nalo lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Mkaguzi hamwiti mtu kujieleza mbele ya umma. Hilo hufanywa na kamati ya wabunge au ya wawakilishi wadi, ambayo ibara ya 125 na ya 195 zinaipa uwezo wa Mahakama Kuu wa kumlazimisha shahidi aje na vitabu vyake. Na tangu 2017 wawakilishi wadi wana sheria yao ya mamlaka na kinga, hivyo mjumbe wa Kinondo au wa Ramisi anayetaja ploti, namba na jina ndani ya ukumbi hashitakiwi kwa kashfa. Raia wa Ukunda akisema maneno hayo hayo kwenye baraza la kahawa anaweza kupelekwa mahakamani. Kinga hiyo ililipiwa na umma, na kuikalia kimya ni kuila bure.

Tuangalie kilichozipata ripoti nyingine. Mwaka 1978 kamati teule ya Bunge iliandika juu ya umiliki wa ardhi katika ukanda wa maili kumi, na ukisoma malalamiko yanayotolewa Msambweni leo utadhani yalichukuliwa kutoka humo. Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais. Aya kadhaa juu ya ardhi, zikiwemo za Pwani, zilibadilishwa kabla ya kukabidhiwa, na makamishna watatu wa kigeni, Ronald Slye, Berhanu Dinka na Gertrude Chawatama, wakaandika kupinga mabadiliko hayo. Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha sheria ya tume na kujipa mamlaka ya kuamua hatima ya ripoti, kisha likaiacha ikae. Miaka 38 ilipita kati ya majina mawili ya ripoti ya J.M. na aya za mwaka 2013. Mbinu ni ile ile, na tofauti pekee ninayoiona ni kwamba mwaka 1975 walikuwapo wabunge wa kutosha kuilazimisha kura ipigwe hadharani, kila mmoja akaonekana alipokuwa.

Kwa upande mwingine, Kwale ina ushahidi kwamba karatasi inaweza kulinda. Mwaka 1992, baada ya wazee wa kaya na wataalamu wa misitu kulalamika kwamba misitu mitakatifu inamegwa ploti kwa ploti, serikali ilianza kutangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa kwa notisi katika Gazeti Rasmi. Kaya Kinondo ni mojawapo, na mwaka 2008 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Miti yake ingali imesimama umbali mfupi kutoka hoteli za ufuoni. Kaya nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Katika kisiwa cha Chale, ambacho wazee wa Kidigo wanakihesabu kuwa kaya, palijengwa hoteli. Heshima ya wazee ilikuwapo kote kuwili, na miiko ilikuwa ile ile. Kinondo ilipata namba ya notisi ikiwa ingali nzima, watu wa kuifuatilia, na taasisi inayoweza kuulizwa mti ukikatwa.

Kinachonitia wasiwasi ni kipimo tunachokitumia sasa kuwachagua watu. Tangu Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge uanzishwe mwaka 2003, mpiga kura amezoea kumpima mbunge kwa basari, madarasa na matangi ya maji. Simlaumu mzazi, karo haisubiri. Lakini mtu aliyepewa fungu la kugawa ni mtu anayehitaji kukaguliwa, na ni vigumu awe mkaguzi mkali wa wagawaji wenzake. Kwenye uchaguzi mdogo wa Msambweni wa Desemba 2020, uliofanyika baada ya kifo cha Suleiman Dori na ambao Feisal Bader alishinda kama mgombea huru, karibu kila mchambuzi wa Nairobi aliuzungumzia kama kupimana nguvu kwa William Ruto na Raila Odinga. Sikumbuki mjadala mkubwa wa kitaifa siku zile ulioanzia kwenye hesabu za ardhi, bandari au madini ya Kwale.

Na madini ndiyo kazi iliyo mezani hivi sasa. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni Februari 2014, ikafunga mgodi mwishoni mwa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iliugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Asilimia ni rahisi kuandika. Kwa miaka mingi ya uchimbaji wananchi walidai bila kuiona ile sehemu yao ya 10, na mzozo ukawa unazunguka kati ya wizara, kanuni ambazo hazijakamilika, na ubishi juu ya nani hasa ni jamii. Hili ni swali la mabehewa ya reli kwa sura ya Kikwale: kavu, lenye majedwali, lisilo na wimbo. Tani ngapi zilitoka mwaka gani, zikauzwa kwa bei gani, mrabaha ulihesabiwa kwa kiwango gani, ukaingia akaunti ipi, na ulitoka lini? Kila kipengele kina karatasi yake katika ofisi fulani, na wawakilishi wadi 20 waliochaguliwa, wabunge wanne wa maeneo, mwakilishi wa wanawake na seneta wana uwezo wa kisheria wa kuiita.

Sehemu ya pili ya swali hilo ni ardhi. Familia zilizohamishwa Maumba na Nguluku kupisha mgodi ziliacha makaburi, minazi na mipaka iliyojulikana kwa miti. Machimbo yamesimama, na ardhi iliyofukuliwa na kujazwa upya lazima irudi mikononi mwa mtu au taasisi fulani. Itakaporudi, itaandikwa kwa jina fulani. Kabla ya hapo mjumbe mmoja anaweza kuuliza kwa maandishi, na kutaka jibu la maandishi, daftari la ardhi hiyo liko ofisi gani, limefunguliwa lini, siku za kupinga zinaanza tarehe ngapi, na tangazo lake limebandikwa wapi.